Lukumani Feruzi, Fundi wa Kuandika Kinyumenyume

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Lukumani Feruzi, mpangaji wetu wa maandishi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kiwanda chetu cha uchapaji hapa Tabora kitaendeleaje bila yeye? Mwenyewe alikwisha kutujibu mara nyingi, hasa wakati wa chai, kwamba hakitaendelea.

Nieleze kazi yake kwa wasioijua. Fikiria ramani. Kiswahili huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama msafara uliotoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Kiarabu hutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tarakimu, hata zikiwa katikati ya Kiarabu, huendelea kuelekea Bagamoyo. Mabano na nukta havina kwao. Huangalia jirani anakokwenda, vikamfuata, kama wajumbe wa kamati zetu. Kadi moja ya khitma huwakutanisha wote hao.

Kompyuta ya zamani haikujua lolote kati ya haya. Mzee Lukumani akawa anaidanganya: aliandika Kiarabu akianzia herufi ya mwisho, ili kionekane sawa kwenye kioo. Alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora kwa kufanya kazi kinyumenyume, jambo ambalo wengine tumelifanya miaka yote bila cheti.

Mwaka juzi ikaja programu mpya, inayojua mwelekeo wa kila herufi. Ikazipokea kazi zake za zamani kwa uaminifu, ikazipindua zote. Kamati ilikaa, ikaazimia kwamba kasoro ni ya Kiarabu. Ikawa kila tatizo anaitwa yeye, na uongozi ukamwandalia mkataba wa kuendelea baada ya kustaafu. Aliungoja kwa furaha isiyofichika.

Kisha, Mzee Lukumani akiwa harusini Igunga, Bi Mwanne wa Isevya alikuja kuchapisha upya kadi za khitma ya marehemu mumewe. Jina la Kiarabu likatoka limegeuka, si la mtu yeyote. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mama wa watu akaondoka mikono mitupu, akarudi siku fundi aliporejea.

“Lukumani mdogo wangu,” akamwambia mbele yetu, “siku ukifa wewe, mume wangu afe tena?”

Mzee Lukumani aliketi, akaandika jina lile kama linavyosomwa, herufi ya kwanza ikiwa ya kwanza. Programu ikafanya yaliyobaki. Alikasirika kuona ni rahisi kiasi hicho.

Tangu hapo amekuwa akizifungua kazi zake za zamani na kuzinyoosha moja baada ya nyingine. Meneja alimsihi abakishe chache, kwa heshima ya mkataba. Alikataa. Ya mwisho ameimaliza juzi, na mkataba, kwa kukosa sababu, umefutwa. Sasa hata Levina wa mapokezi, Mkatoliki asiyejua alifu, anaweza kuchapisha upya kadi ya Bi Mwanne.

Mzee Lukumani, wengi huondoka kazini wakijivunia pengo wanaloacha. Wewe umeliziba la kwako kwa mikono yako, ukijua litakugharimu nini. Asante sana. Mungu akujalie siha, shamba lako la Goweko likubali, na nyumba yako ijae amani.