Umepokelewa: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Taratibu

Kabla ya kunyanyua simu, Bi Taratibu huilaza kalamu yake juu ya kioo cha meza. Tk. Ni mlio mdogo sana, lakini tangu niusikie kwa mara ya kwanza, miezi miwili iliyopita, umenikaa kichwani. Huusikia hata nikiwa nyumbani napiga mswaki. Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika ofisi ya udahili, mwenye kalamu hiyo anastaafu.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, chuo kikiwa na majengo manne na simu moja. Baadaye alihamishiwa dawati la maulizo kwa wiki mbili tu, kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Mtoto yule sasa ni mhandisi, na zile wiki mbili bado hazijaisha.

Jina la Bi Taratibu alipewa na wanafunzi. Wapo wanaosema ni kwa sababu anazijua taratibu zote za chuo, hata zilizokwisha kufutwa. Wapo wanaosema ni kwa mwendo wake wa ngazini. Mwenyewe hajawahi kuuamua ugomvi huo. Bomba lilipopasuka juu ya chumba cha mafaili, waliokwenda mbio waliteleza wakaanguka. Yeye alikwenda taratibu, akatoa vyeti vya waombaji mia nne, na hakikulowa hata kimoja.

Mimi nilifika kwenye dawati lake kikazi. Chuo kinaisanifu upya tovuti yake, nami nilipewa jukumu la kupita idara kwa idara kukusanya mahitaji: kila ofisi iseme inataka tovuti iifanyie nini, niandike, kamati iidhinishe, mafundi wajenge. Kisichoandikwa hakijengwi. Nilibeba fomu ya maswali arobaini na mawili. Wakuu wa vitivo walitaka picha zao zikuzwe. Idara ya michezo ilitaka mpira unaodunda kwenye ukurasa wa kwanza. Bi Taratibu alifikiri kidogo, akasema yeye hana shida, labda apewe kiti kisichopiga kelele. Kisha simu ikaita, akalaza kalamu.

Nilimuuliza kwa nini haandiki huku akisikiliza, kama tufanyavyo sote. Akanijibu: "Kalamu juu ya kioo inasikika mpaka kwenye simu, mwanangu. Mtu akisikia unaandika, anaifupisha shida yake."

Nilikaa naye saa moja. Zilipigwa simu kumi na saba, na kumi na moja zilihusu neno moja. Mwombaji akishatuma fomu kwenye tovuti yetu hujibiwa: "Umepokelewa katika mfumo wa chuo." Aliyeyaandika maneno hayo alimaanisha kwamba fomu imefika. Anayeyasoma, hasa kwenye simu ndogo inayoonyesha neno la kwanza tu, anaelewa kwamba amepata nafasi. Mwaka juzi baba mmoja aliteremka langoni na binti yake, godoro, ndoo na shangazi wawili wa kusindikiza. Binti hakuwa amechaguliwa, wala hakuwa amekataliwa. Bi Taratibu aliwapa viti, akawaeleza, akakaa nao mpaka shangazi mdogo alipoacha kulia. Binti yule alidahiliwa mwaka uliofuata, na hadi leo akikutana na Bi Taratibu humwita shangazi wa tatu.

Zamani alikwisha kuomba neno hilo libadilishwe. Aliambiwa asubiri tovuti mpya. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Tangu hapo, kila msimu wa udahili, amekuwa akiwapigia waombaji mmoja mmoja, wale anaoweza kuwawahi, awaeleze kile ambacho tovuti imeshindwa kukisema. Hakuna aliyemtuma. Sisi wengine tulidhani malalamiko yamekwisha.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea rasimu ya hati yangu ya mahitaji, kurasa sitini, nikiwa na majivuno kidogo. Alivaa miwani, akasoma kwa mwendo wake, akasimama kwenye hitaji la kumi na nne. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: tovuti imjulishe mwombaji kuwa amepokelewa. Nilikuwa nimekaa saa nzima nikisikia neno hilo likiwasumbua watu, kisha nikalinakili kutoka tovuti ya zamani bila kuliona.

"Hapa umefungua mlango usio na chumba," alisema. Hakuwa amekasirika. Alichukua penseli akaandika pembeni: Fomu yako imetufikia. Bado hatujaamua. Majibu yatatoka tarehe... akaacha nafasi. Kisha akanitania kwamba digrii zangu zote mbili nazo zimepokelewa.

Ofisi nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaitazama tena hati yangu. Neno hilo nimelijua kwa bahati ya saa moja tu. Je, mangapi mengine yamo katika miaka thelathini na mitatu? Nilimwomba kumbukumbu zake. Alifungua droo: pakiti ya biskuti na miwani ya akiba. Yote yamo kichwani mwake, na kamati ilikuwa imepanga kuidhinisha hati siku moja kabla hajaondoka.

Bi Taratibu, wenzako tunakushukuru kwa kila mtu uliyemsikiliza hadi mwisho wa sentensi yake. Tunakuombea asubuhi zisizo na foleni, wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja, na afya ya kuzifaidi siku zako uwe na haraka ya jambo lolote au usiwe nayo. Wenzake wote wanakaribishwa kumuaga Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, katika ukumbi mdogo.

Ama hati ya mahitaji, sikuisaini. Jumatatu niliirudisha kwa kamati pamoja na barua ya kuomba kufanya kazi katika dawati la maulizo kwa msimu mzima wa udahili, kabla hati haijaandikwa upya. Mwenyekiti ameniambia nimewachelewesha mafundi, na ni kweli. Tangu jana asubuhi nimehamia kushoto kwa Bi Taratibu, naye amebakiza siku tisa za kazi.