Miche Isiyopandwa Udongoni

Kina mama na kina baba wa Ruangwa, na ninyi wageni wetu mliotoka Nachingwea, namsalimu kila mmoja kwa salamu ya dini yake. Mwenyekiti wa kikundi amenitaka nisimame niseme nilikopita. Mnanijua kama yule mama wa miche, anayeuza mipapai na michungwa kwenye viriba vyepesi, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Wengi mmeniuliza kwa nini viriba vyangu havina udongo, nami huwa nacheka, nabadili mazungumzo. Leo nitajibu. Sitataja jina la mtu, awe hai au ametangulia. Mkiniona nanyamaza katikati, nisubirini. Nitaendelea.

Niliolewa kijiji cha Likunja, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mume wangu alikuwa mkulima kama wanaume wengine wa kwetu, ana mikorosho aliyoachiwa na baba yake na shamba la ufuta. Ila yeye alipenda miche. Akila chungwa tamu, mbegu hatupi. Akiona papai zuri kwa mtu ataomba mbegu, azifunge kwenye kipande cha gazeti, aje nazo nyumbani kama kaleta nyama. Tukaanzisha kitalu nyuma ya nyumba, karibu na korongo. Yeye anachimba udongo, mimi najaza viriba. Hakuwa mtu wa maneno mbele za watu, lakini pale kitaluni aliongea, na mimi nilicheka mpaka mama mkwe wangu anauliza kutoka jikoni kuna nini. Ndugu zangu, nawaambia, ile ndiyo ilikuwa raha yangu ya dunia.

Udongo wa kujazia viriba ni ule mweusi, laini, wa majani yaliyooza. Kwetu ulikuwa kwenye ukingo wa korongo. Mwanzoni alikuwa anauchukua juu juu tu. Msimu uliofuata akaingia ndani kidogo, na uliofuata kidogo tena, maana ule mzuri ulikuwa mbele kila mara. Mwisho ukingo ukawa kama pango, juu kuna ardhi na vichaka, chini kuna uwazi anaoingia yeye na jembe lake. Hatukuona hatari. Tulikuwa tunapaona kila siku.

Ukaja mwaka mmoja wa mvua zisizokatika. Asubuhi moja kukaanuka, mume wangu akasema atumie nafasi ile kuchimba kabla mvua haijarudi. Mimi nilikuwa nimekaa na viriba vyangu, mtoto mdogo mgongoni, nalisikia jembe. Halafu nikasikia kishindo. Hakikuwa kikubwa, kama mtu ametua gunia la korosho. Baada ya hapo sikulisikia jembe tena. Nikamwita. Nikamwita mara ya pili, nikadhani ananitania, kwa sababu utani huo alikuwa nao.

Tulichimba kwa mikono. Majirani walikuja na majembe, kisha wakayaweka kando wakaogopa kumuumiza, tukachimba wote kwa mikono. Mama mkwe wangu alikuwa katikati yetu, anamchimbua mwanawe. Tulimpata. Hakuwa na jeraha lolote, utasema amelala. Ila mdomo wake ulikuwa umejaa.

Basi. Nipeni nafasi kidogo.

Watu walimtoa kwenye udongo asubuhi, wakamrudisha kwenye udongo jioni. Mimi nikaingia eda. Miche ikakauka yote, hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuimwagilia.

Eda ilipokwisha msimu wa kulima ulikuwa umefika. Nikachukua jembe kama mtu mwingine. Nilipolipiga la kwanza, ile harufu ya udongo mbichi ikapanda, nikaona giza. Waliniokota pale. Kesho yake nikarudi, jembe likanitoka mkononi. Nilijaribu kung'oa muhogo nikashindwa, kwa kuwa muhogo unatoka na udongo wake. Sasa fikirini mtu wa Likunja ambaye hawezi kugusa udongo. Atakula nini?

Watu wakaanza kusema. Wapo waliosema nimerogwa. Wapo waliosema nadeka, nangoja mume wa mjini. Nikawa nakaanga korosho nauza stendi hapa Ruangwa, lakini haikutosha kwa watoto wawili. Aliyetulisha ni mama mkwe. Mwanamke mzee aliyefiwa na mwanawe, anaamka alfajiri anakwenda kulima mbaazi na muhogo ili mimi mwenye nguvu zangu nile. Hilo liliniuma kuliko njaa. Nikisikia ananoa jembe nageukia ukutani, najifanya bado nimelala. Naye alijua siko usingizini, akawa anatoka polepole asiniaibishe.

Tuliishi hivyo mpaka tukaingia miaka ya elfu mbili.

Mwanangu wa pili akaugua, nikampeleka Nachingwea akalazwa. Alipopata nafuu tukapumzika kwa dada yangu. Jirani wa dada alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa bibi shamba, wa kufundisha wakulima. Uani kwake kulijaa madebe, makopo ya rangi na mabeseni yaliyotoboka, na kila kimoja kina nyanya au pilipili hoho imesimama vizuri. Mimi nikawa napita mbali. Aliona ninavyokwepa, akamuuliza dada, dada akamweleza. Siku hiyo akaniita, akachota kiganja kutoka kwenye debe.

"Shika," akaniambia. "Huu si udongo."

Nikarudi nyuma. Yeye hakunifuata, alibaki ameunyoosha mkono. Nikasogea, nikagusa kwa kidole kimoja. Kilikuwa kitu chepesi, kikavu kidogo, kina harufu ya moshi wa mbali. Si baridi. Si kizito. Nikakichukua chote nikakikumbatia kifuani nikalia, na yule mama akaniacha nilie.

Alianza kupanda hivyo kwa sababu udongo wa uani kwake ulikuwa na ugonjwa, nyanya zikichanua tu zinanyauka. Akanifundisha. Unachukua pumba za mpunga, zile ngumu za kwenye mashine, unazichoma taratibu mpaka ziwe nyeusi, ukichelewa zinakuwa majivu na hazifai. Unazizima kwa maji. Unachanganya na vumbi la mbao na maganda ya karanga yaliyopondwa, halafu mboji na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Ukiukamua mchanganyiko huo kiganjani litoke tone, siyo mchirizi. Ukiuachia, ushikane, ukiugusa ubomoke. Na kwa kuwa maji hupita haraka, unamwagilia mara nyingi, na mche unaupa maji ya samadi, kwa sababu chakula humo ni kidogo.

Nikarudi Likunja na moyo mpya. Nikaenda kwa seremala, nikaomba vumbi la mbao, nikachanganya, nikapanda mbegu za mipapai. Zikaota. Nilikuwa naamka kuziangalia kama mtu mwenye kichanga. Kisha zikaanza kuwa za njano, moja baada ya nyingine, zikadumaa, zikafa. Nilikuwa nimesahau maneno ya yule mama, kwamba vumbi la mbao bichi hula chakula cha mche, lazima kwanza lilowe na kuoza miezi mingi. Wakati ule sikukumbuka. Nilijua tu kwamba hata hili limenishinda. Nikavimwaga vile viriba jalalani, nikaingia ndani.

Mama mkwe alitoka shambani akaviona. Akaja akakaa chini kando yangu, na jembe lake bado mkononi. Tangu msiba hatukuwahi kuzungumza habari ya mume wangu, mimi na yeye. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Unalima peke yako, na mimi ninacheza na pumba."

Akaliweka jembe chini, akasema, "Mwanangu, mimi naulima huu udongo kwa sababu ndimo alimo. Nikiulima naona niko naye. Wewe huuwezi kwa sababu hiyo hiyo. Basi usiulime. Mimi nitakuletea pumba."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoinuka. Nilitibiwa na mengi, na dua nilisomewa, lakini nilichohitaji ni mtu mmoja aliyeumia kama mimi aniambie kwamba siyo lazima.

Na kweli alileta. Akitoka shambani anapitia kwenye mashine ya kukoboa, anakuja na gunia la pumba kichwani. Vumbi la mbao tulilimwaga nje likanyeshewa masika yote. Msimu uliofuata mipapai ikasimama, kijani kibichi. Ikafuata michungwa, kisha mikorosho. Wateja waliona mche hauozi shingo, pale shina linapoanzia, na kiriba ni chepesi, mwanamke anabeba vingi kichwani anapanda navyo gari la Nachingwea. Wanangu wamesoma kwa miche hiyo.

Lakini nisiwadanganye. Mpaka leo sijashika jembe. Mama mkwe alifariki mwaka juzi, na siku waliyompeleka kaburini nilibaki ndani nimeziba masikio nisisikie majembe. Huzuni yangu haikuisha. Nimejifunza kufanya kazi nikiwa nayo.

Namshukuru yule mama wa Nachingwea aliyeninyooshea mkono wala asinivute. Nawashukuru majirani waliochimba na mimi siku ile. Mama mkwe wangu nitamshukuru wapi, zaidi ya kumwombea. Na ninachowaomba ninyi ni hiki: mkimwona mtu ameshindwa jambo ambalo kila mtu analiweza, msimuulize kwa nini. Muulizeni analiweza lipi, kisha mpelekeeni pumba.

Nimalizie. Wakati tunasubiri kikao kuanza, nimemsikia dada mmoja wa kijiji cha Chunyu akimwambia mwenzake kwamba mumewe amepata udongo mzuri mweusi chini ya ukingo, na kesho anaendelea kuuchimba. Dada yangu, sijui jina lako, na hata ningelijua nisingelitaja. Nimekuja na gunia la pumba zilizokwisha kuchomwa, liko pale mlangoni. Ni lako. Libebe, na ukifika nyumbani leo mwambie mumeo asiende.