Sinia la Dirishani

Tangu Bagamoyo Bi Sikuzani alikuwa amepakata sinia aliloletewa na mwanawe. Basi lilipokaribia Kariakoo, akamwonyesha kijana wa kando yake, mpishi wa meli. "Aliniapia chuma hiki hakishiki kutu. Tazama vitundu! Leo nakwenda kumlaumu."

"Uliliweka wapi, mama?"

"Dirishani, upande wa bahari. Miaka mitatu namngoja aje tule humo."

"Basi umeliharibu mwenyewe. Chumvi ya hewani ikituama, hata chuma hiki hutoboka. Lingetumika na kuoshwa kila siku, lingedumu."

"Ningekula na nani?"

Mpishi akainama kufunga kamba ya kiatu.

Basi likasimama. Sikuzani akalifunga sinia kangani. "Hayo usimwambie mtu, baba. Bila lawama hii, nikibisha hodi kwake nitasema nimefuata nini?"