Jiwe la Kusagia la Daktari Akonaay

Nina uvimbe ubavuni, chini ya kwapa la kushoto, mkubwa kama yai la kuku. Sijamwambia mtu, hata mama. Darasani sinyooshi mkono hata jibu nikilijua. Nesi Benedikta aliponiomba niandike wasifu huu, eti kwa sababu nasoma sekondari na mwandiko wangu unasomeka, sikukusudia kuanza na habari hiyo. Nitaiondoa nikinakili upya.

Daktari Msaidizi Basili Akonaay anastaafu tarehe 30 Juni 1986, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alianza kwao Tumati akifunga vidonda, akaenda kusoma, akapangiwa Tlawi, na tangu shamba letu la ngano lifungue zahanati yuko hapa Hanang. Ametibu vidole vilivyobanwa na kombaini na macho yaliyojaa makapi. Ametibu pia wafugaji wa Getanuwas, ambao sindano wanakubali ila kulazwa hawataki, maana ng'ombe watabaki na nani?

Lakini mgeni akiingia chumba cha kupimia, swali lake la kwanza ni kuhusu lile jiwe la kusagia lililopo sakafuni. Chanzo chake ni bibi yangu, Efrazia.

Wakati ule Daktari yuko Tlawi, Bibi alimwendea na uvimbe mgongoni, chini ya mfupa wa bega. Daktari akadhani ni jipu, akapasua. Usaha haukutoka hata tone. Ndani kulikuwa na nyama ngumu yenye nyuzi, kama kano. Kidonda kilichukua miezi kupona. Kosa hilo Daktari hakulificha, kila nesi mpya humsimulia yeye mwenyewe. Na kila wiki alipanda hadi nyumbani kwa Bibi kukisafisha.

Siku moja akamkuta Bibi, aliyeambiwa apumzike, amepiga magoti anasaga mtama. Kila alipolisukuma jiwe mbele, uvimbe mwingine ulichomoza upande wa pili wa mgongo. Alipoinuka kumpokea mgeni, ukapotea.

“Shikamoo mama. Hebu rudi chini, saga tena.”

“Marahaba. Unga umeshatosha, Daktari. Au umekuja kukata na huku?”

“Leo sina kisu. Wewe saga tu.”

Bibi akasaga, huku ananung'unika kwa Kiiraqw. Daktari akaweka kiganja mgongoni kwake, akausikia uvimbe ukiteleza kutoka chini ya mfupa na kurudi. Akampeleka hospitali kubwa, kipande kikachukuliwa kupimwa. Haukuwa kansa. Ni uvimbe wa nadra, huwapata zaidi wanawake watu wazima, na usipouma si lazima kuuondoa. Bibi anao mpaka leo na kuni anabeba.

Tangu hapo kila mama mwenye uvimbe mahali pale hupigishwa magoti kwenye jiwe. Madereva wa matrekta humtania Daktari kwamba zahanati imefungua mashine ya unga. Anacheka nao. Lakini haliamini jiwe peke yake: uvimbe unaokua haraka, au uliogandamana na mbavu, anauandikia barua ya hospitali siku hiyo hiyo. Mpishi wetu alipelekwa hivyo, akatolewa uvimbe wa mafuta katikati ya mbavu, na ugali anasonga kama zamani.

Mimi nimekua nikiliona kovu la Bibi, ndiyo maana kisu nakiogopa. Kitabu cha Baiolojia, na Kiingereza chake chote, kiliniongezea hofu tu. Juzi nilimwuliza Bibi kwa nini bado anampelekea maziwa mtu aliyemkata bure.

“Alikosea, akarudi kila wiki,” akasema. “Huyo daktari mpya anayekuja unamjua wewe?”

Simjui. Na huyu anaondoka Jumatatu.

Daktari, wafanyakazi wote na familia zao tunakushukuru. Tunakuombea pumziko jema huko Tumati, na mahindi yako yastawi kuliko ngano yetu.

Nasikia viatu vyake barazani. Nesi alisema Daktari atapita kuhakikisha tarehe. Tangu asubuhi, kila mtu alipopita mlangoni nimekuwa nikiifunika karatasi kwa kiwiko. Sasa nimekiondoa.

Shikamoo Daktari. Tarehe zipo aya ya pili. Naomba uanzie ya kwanza.