Mashine Moja Ikianguka: Profesa Zéphirin Aaga Kasongo

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika chuo chetu cha Kasongo, Profesa Zéphirin Lukundula anastaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025. Kamati ya uongozi imejiandaa vizuri: mbuzi wamenunuliwa. Kutafuta mrithi wake, hilo ilisahau.

Utafiti wake wote ulihusu swali moja: kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja, moja ikianguka, nyingine zitaendeleaje? Huko ng'ambo walimpigia makofi kwa jibu lake. Sisi tulimpa idara yenye mwalimu mmoja, yeye mwenyewe. Kila mwaka aliomba wa pili, na kila mwaka kamati ilimjibu kwamba bado ana nguvu. Akipata malaria, idara nzima ililala kitandani pamoja naye.

Umeme ulipokosekana, yaani karibu kila siku, aliwafanya wanafunzi kuwa kompyuta. Walipitishiana ujumbe uwanjani, na mmoja wao alijiangusha chini kwa makusudi ili wengine washike kazi yake. Wapita njia walidhani ni maombi ya kufukuza pepo.

Mwezi uliopita kamati ilimwomba aendelee kufundisha baada ya kustaafu, kwa moyo wa kujitolea. Wiki ya matokeo alizima simu, akaenda shambani kwake Lusangi. Chuo kilishikwa na homa, maana alama zote zilikuwa ndani ya mashine zake, na bila alama hakuna diploma. Nilitumwa kwa pikipiki kumrudisha, nikamkuta anapalilia mihogo.

"Mimi niko mashine yenye imeanguka," aliniambia. "Muangalie nani atashika kazi."

Tukiwa bado shambani, simu yangu ililia. Alikuwa Hawa Djamali, msaidizi ambaye Profesa alimfundisha kwa miaka na ambaye kamati haikuwahi kumpa hata kiti. Alikuwa amewasha jenereta na kutoa alama zote, na matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani. Jioni hiyo kamati ilimwajiri, ikisema huo ndio ulikuwa mpango wake tangu zamani.

Habari hiyo ilipotufikia kule shambani, Profesa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, polepole, kama kule chuoni kuna hata "mutu mumoja" aliyemuulizia.

Profesa, tuseme ukweli: siku ile wengi waliulizia alama. Hawa alikuulizia wewe. Asante kwa kazi yako, na kwa mwalimu uliyetuachia. Tunakutakia afya njema na mihogo minene. Tutakuja Lusangi kukusalimia, hata siku ambazo hakuna kilichoharibika.