Birika la Mulumba Haliko Katika Mirathi

Sogeeni, wanangu, sogeeni wote watatu mpaka niwaone bila kugeuza shingo, na wewe Rachida vuta kidogo lile pazia, jua la mchana linanipiga usoni. Nina maneno ya kuwaachia, na pumzi niliyo nayo sitaki kuitumia kwa kupaza sauti. Anayetaka kulia aende kwanza uani akalie, kisha arudi na masikio yake. Namshukuru Mola aliyeniachia akili mpaka leo, maana mwili umeshaniaga, lakini kichwa bado ni cha yule Sikudhani aliyekuwa akibishana bei na Wagiriki wa hapa Kolwezi mpaka wakamwita mezani wanywe naye chai. Mmezoea kukicheka Kiswahili changu, mnasema mama anaongea kama yuko chuoni Kasongo; leo kivumilieni, ndicho nilichonyonya, na wosia haufai kusemwa nusunusu.

Nianze na mepesi. Nyumba hii na meza ya sokoni ninayouzia vyombo vya zamani mtazigawa kama sheria inavyosema, shehe atawapigia mafungu, na asiwepo wa kununa, hata wewe Amani, ambaye tangu utoto hukupewa kipande cha nyama usikilinganishe na cha mwenzio. Koleo za marehemu baba yenu na zile nyundo ndogo za kutengenezea saa nazitaka ziende kwa Amani, kwa kuwa ni yeye tu aliyekuwa akikaa naye kimya bila kuchoka. Kile kioo cha kukuzia ninachobana jichoni nakitaka kiende kwa Rachida. Najua mrithi haongezewi juu ya fungu lake mpaka wenzake waridhie, kwa hiyo nawaomba mridhie sasa hivi, nikiwaona. Vema. Abedi, nimeona umeitikia kwa kichwa, na nimefurahi, maana wewe ndiye mkubwa wao na neno lako ndilo watakalolifuata nikiondoka.

Sasa sikilizeni habari ya birika. Pale juu ya kabati kuna mabirika mawili ya kahawa, yote meupe, yote yana tumbo la mviringo na mshikio wa mti mweusi, na mgeni akiyatazama kutoka mlangoni ataapa kwamba yametoka tumbo moja. Hayakutoka tumbo moja. Moja ni langu, nililinunua kwa mke wa injinia wa Kibelgiji baada ya vita vya hapa mjini, walipokuwa wakikimbia na kuuza hata mapazia yakiwa bado yananing'inia dirishani. La pili ni la Mulumba wa Kapata, kule kambi ya kampuni ya migodi, msimamizi wa kazi katika shimo la madini la Mashamba, mume wa Elise. Alipewa na mkuu wake Mzungu siku zile zile za vita, kwa sababu Mulumba alimficha yeye na watoto wake chumbani kwake mpaka risasi zikanyamaza. Langu ni shaba iliyovishwa fedha. La Mulumba ni fedha nje na ndani. Natamka mbele yenu nyote: birika la Mulumba haliko katika mirathi yangu. Ni amana, na amana hutoka nyumbani kabla hamjagusa hata kijiko.

Rachida, yalete hapa kitandani, uyageuze moja moja waone. Hili langu, tazameni chini yake: muhuri wa mraba, una herufi za kiwanda, basi. Mraba huo kwa Wafaransa ndio unaokwambia kwamba fedha imepakwa juu tu. Vijiko vilivyokuja pamoja nalo vina tarakimu tisini, na sokoni watu wakiona tisini wanaruka, wanadhani ni sehemu tisini katika mia. Kumbe ni gramu za fedha walizotumia kuvisha dazeni nzima. Tazameni na kwenye ncha ya mdomo, pale ninapopasugua siku zote: wekundu unachungulia. Ninyi mmezaliwa Kolwezi, hamhitaji kuambiwa wekundu ule ni wa nini.

Sasa hili la Mulumba. Usilishike mdomo, Amani, lishike tumbo. Karibu na mshikio kuna kichwa kidogo cha mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Huo ni muhuri wa serikali ya Ufaransa, hugongwa baada ya fedha kupimwa na kuonekana ni safi. Kando yake kuna umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, ndani yake herufi mbili na kindege, na huyo ni fundi mwenyewe, mtu aliyekaa akaligonga birika hili kwa mikono yake, akaweka jina lake ili akiharibu alaumiwe yeye. Fungua kifuniko, nacho kina kichwa kile kile. Ukikuta birika lina muhuri na kifuniko hakina, jua kifuniko hicho kimetoka nyumba nyingine, uliza kabla ya kununua. Na kamwe usiipitishie mihuri mchanga wala majivu makavu, ipitishie kitambaa laini tu, maana ikifutika haina wa kuirudisha.

Ilibaki kidogo ifutike. Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa: kampuni imeanguka, mashimo yanajaa maji, mishahara imekuwa hadithi, halafu yakaanza yale ya kuwafukuza watu wa Kasai, wanaitwa wadudu, wanalala kule kwenye stesheni ya treni na magodoro yao, wanangoja mabehewa ambayo hayaji. Sasa mtu wa Kapata analijua jambo moja tangu akiwa mgongoni kwa mama yake: kitu chochote chenye muhuri ni cha kampuni. Spana ina muhuri, koleo ina muhuri, na ukikutwa nayo nyumbani umekwisha kazi. Basi Elise na Mulumba, nao ni wa Kasai, walipofunga mizigo, wakachukua vijiko vyao vya fedha, vile alivyowapa mkuu yule yule, wakavipiga tupa kimoja kimoja mpaka kila muhuri ukaondoka, wakifikiri wameviokoa. Kisha Elise akaniletea birika, kwa sababu anajua nina tupa nyembamba. Akaniambia, "Mama Sikudhani, unisaidie kutosha hii alama, tuifute. Bakiiona kule ku gare ya treni, batasema tuliiba ku kampuni."

Nilimpokonya lile birika. Nikamkalisha palepale ulipokaa wewe Abedi, nikampa kioo, nikamwonyesha yule mwanamke wa kofia, nikamweleza kwamba vichwa hivi ndivyo vinavyosema hii ni fedha, na kwamba kijiko kilichofutwa jina ni chuma cheupe tu machoni pa mnunuzi, hata kikiwa fedha kuliko fedha zote. Akatazama tena kwa kioo. Kisha akaanza kucheka, Elise akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Kumbe tulijiiba sisi benyewe," halafu kile kicheko kikageuka kilio na mimi nikalia naye, kisha akarudi na birika lake nyumbani. Vile vijiko waliviuza stesheni kwa uzito, kama misumari, wakapata mkate.

Jioni yake Mulumba alikuja mwenyewe, amelifunga birika katika shati lake la kazi. Aliogopa kusafiri nalo, maana walinzi njiani walikuwa wakifungua hata nepi za watoto. Akaniambia, "Mama, mi naiacha kwako. Bengine batainywea kahawa. Wewe dini yako inakataza kunywa mu chombo ya feza, njo maana nalala usingizi." Nilicheka, lakini nilimpa mkono, na mkono ule niliompa ndio unaonisumbua kitandani hapa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa sababu nimewasikia, wanangu. Mgonjwa akifumba macho watu hudhani amefunga na masikio. Nimekusikia wewe Abedi ukimwambia mdogo wako Rachida, "Bale balisha kwenda, habatarudia. Tuuzishe ile ya kweli, bakirudia tubape ile ingine, batajua namna gani?" Nakujibu leo. Elise hatajua. Kioo hana, na yale niliyomwonyesha alikuwa akiyatazama kwa machozi. Mulumba naye hatajua. Utajua wewe, na Rachida atajua, na kila mtakapokaa mezani kutakuwa na jambo moja ambalo ndugu hawa wawili hawawezi kulitaja. Sitaki niwaachie nyumba ya namna hiyo.

Na kuna jambo jingine, nalisema mbele ya wenzako kwa sababu wanalijua. Siku ile kundi lilipopita Kapata likipiga mabati na kuwaambia watu wahame, sauti yako ilikuwemo. Elise aliisikia akiwa ndani ya mlango wake. Hakuniambia kwa ubaya, aliniambia kama mtu anayeuliza kama kweli. Ulipokuwa mtoto, nami nikisafiri mpaka mji wa Kisenge kununua vyombo, nani alikulaza, Abedi? Nani alikuosha masikio ukilia? Najua kwa nini ulipiga kelele. Uliogopa. Sisi pia tumetoka kwingine, wazazi wangu walishuka kutoka Maniema, na ulisema moyoni, nikipiga kelele kuliko wote hawataniuliza nimetoka wapi. Sikukugombeza wakati ule na sikugombezi leo. Ila woga ule usiuzeeke nao.

Rachida, nipe maji. Kidogo, nilowanishe ulimi tu. Basi.

Kuhusu Banza, aliyeingia nyumba ya Mulumba: msigombane naye. Msalimieni, nunueni mihogo kwake, na wewe Amani, mkeo asimnyime moto akija kuomba kaa. Lakini akiwaambia kwamba aliikuta nyumba tupu, mwambieni kwa upole kwamba mnawajua waliokuwemo, kwa majina. Siku zitageuka. Nimeona wazungu wakifukuzwa na wakarudi, nimeona mji huu ukikimbiwa mpaka mbwa wakawa ndio wenye barabara, na msimu uliofuata watu wakapanda mahindi kando ya reli. Siamini kwamba mwisho wa Kolwezi ni huu.

Na habari njema ninazo, nilizificha ili niziseme leo. Yule mpwa wangu dereva amerudi kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Amewaona Elise na Mulumba. Wote wazima. Wamepewa kiwanja nyuma ya soko, Elise anakaanga mikate ya mafuta alfajiri, Mulumba anachonga milango, na wamemtuma aulize kama mama Sikudhani bado anapumua. Kwa birika lile watasimamisha nyumba ya matofali, au watafungua duka, au watakavyo, halituhusu. Linatuhusu kufika.

Uzeni birika langu. Uzeni kwa jina lake, mwambieni mnunuzi limepakwa fedha tu, mwonyesheni wekundu kabla hajauliza. Kitakachopatikana ndicho nauli. La Mulumba Rachida alifunge katika shati lile lile, aandike kwenye kikaratasi mihuri yote mitatu na mahali ilipo, ili Elise asije akapunjwa na mnunuzi wa kwanza.

Mlidhani nitamtuma Amani, kwa kuwa ni mpole na hana neno na mtu. Sitamtuma Amani. Utalipeleka wewe, Abedi.

Usinitazame hivyo, sina pumzi ya kujibu macho. Nisikilize. Ukifika, usitangulize birika. Liache kwenye begi. Simama mlangoni, utaje jina lako kwa sauti ile ile aliyoisikia Kapata, ili ajue ni wewe. Umwambie ulichotaka kumwambia, najua unacho, nimekusikia ukiugua nacho usingizini. Akikufukuza, weka begi kizingitini, urudi bila kinyongo, umekwisha kazi yako. Akikwambia ingia... ingia, ukae. Ule mkate wake. Usiharakie treni.

Mimi naamini atakwambia ingia. Namjua yule mwanamke.

Sasa nilazeni kwa ubavu wa kulia, nielekezeni Kibla. Taratibu, Amani. Mola awape riziki isiyo na kificho, awape watoto watakaowacheka Kiswahili chenu, awakutanishe nyumba hii kila Idi mkiwa wote. Rachida, Mola akulindie macho. Amani, akupe... akupe kutosheka. Abedi.

Abedi, sogea, sikuoni vizuri. Nipe mkono. Treni ni lini?

Kesho. Vema. Basi usingoje kunizika ukachelewa, wenzako wawili wanatosha kunibeba na majirani wapo. Nenda kesho. Nenda, mwanangu, na mama yako ameridhika nawe... tangu sasa, kabla hujafika.