Clifford Barraclough, Fundi Aliyeuliza Maji Yametoka Wapi

Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, Clifford Barraclough atarudisha funguo za gari la kazi baada ya miaka arobaini na mmoja kwenye karakana yetu hapa Halifax, Uingereza. Alianza kwa kufagia stoo. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa boila za gesi, mitambo inayopasha nyumba joto, na stoo bado anaifagia yeye, maana ufagiaji wetu haumridhishi.

Nimembebea vifaa miaka kumi na mmoja. Nilikuja mji huu sina cheti wala koti la maana. Koti alinipa siku ya pili, kuukuu, linanuka grisi. Ninalo hadi leo.

Kazi nisiyoisahau ni ya Bi. Enid Sutcliffe, mjane wa miaka themanini na mitatu, Januari moja ya barafu. Boila yake ya jikoni iliingia maji ikazima. Mafundi wetu wawili walikwenda kwa zamu. Kila mmoja alibadilisha bodi ya umeme inayoiendesha, boila ikawaka, kisha ikazima tena. Kifua cha bibi kilikuwa kibovu. Mwanawe, Keith, alishaamua: joto lisiporudi kufikia Ijumaa, mama anahamia makao ya wazee. Sanduku la nguo lilikuwa tayari mlangoni.

Tulifika Jumatano. Clifford alizima umeme, akafunga gesi, akafungua kifuniko. Bodi ilikuwa imelowa.

"Nimebonyeza kile kitufe cha kuiwasha mara ishirini," alisema Bi. Enid.

"Usikibonyeze tena, mama, utatuunguza. Sasa niambie, maji haya yametoka wapi?"

"Ningejua, ningekuita wewe?"

"Mzee, weka bodi nyingine twende zetu," alisema Keith.

"Nikiweka ya tatu, wiki ijayo utaniita niweke ya nne."

Akaomba chai. Keith alikunja uso, lakini Clifford alikunywa vikombe viwili huku bibi akimsimulia wiki yake, siku baada ya siku. Ikaonekana boila huzima kila Jumapili jioni.

"Jumapili unafanya nini, mama?"

"Kanisani. Halafu nampeleka Moss kilimani, na tukirudi namwogesha bafuni. Mbwa huyu hurudi na nusu ya mlima mgongoni."

Clifford akatua kikombe. Alipanda bafuni, juu ya jikoni, akamwogesha Moss kwa maji baridi, maskini. Mimi nilibaki chini na tochi. Moss alipojikung'uta, maji yaliruka ukutani, yakapenya nyuma ya bafu palipobanduka silikoni ya kuzibia, yakateremka na bomba hadi ndani ya boila.

"Yanadondoka!" nikapiga kelele.

"Mbwa!" Keith alisema. "Bodi mbili, kumbe mbwa!"

Clifford aliziba ufa, akaacha kila kitu kikauke, akaweka bodi mpya Ijumaa asubuhi na kupima gesi. Kufikia adhuhuri nyumba ilikuwa na joto. Sanduku alilirudisha juu Keith mwenyewe.

Leo Bi. Enid ana miaka themanini na minane, na atakuja kwenye sherehe ya kumuaga Clifford akitokea nyumbani kwake. Sanduku lile sasa ni kitanda cha Moss.

Clifford, asante kwa koti, kwa kazi na kwa kutukaripia tulipostahili. Nenda ukanywe chai yako ikiwa bado ya moto. Tunakuombea miaka mingi, afya, na nyumba isiyovuja.